Wanazuoni wa Uchina na wa Magharibi: Neno ni la Nani?

Tarehe 13 Agosti mwaka 2018 wanafalsafa wa ulimwengu walikutana Beijing. Walikuwa maelfu, na mlango waliofunguliwa ulikuwa wa Jumba Kuu la Umma, ambamo wakuu wa chama na serikali ya Uchina hufanya vikao vyao. Hilo lilikuwa Kongamano la 24 la Falsafa la Dunia, na tangu makongamano hayo yalipoanza Paris mwaka 1900 hapo ndipo yalipofika nchi ya Confucius kwa mara ya kwanza. Kichwa cha mazungumzo kilikuwa kizuri mno: kujifunza kuwa mtu. Maneno hayo Mswahili hahitaji kufasiriwa, kwani sisi twajua kuwa mtoto huzaliwa binadamu, na utu akafunzwa.

Katika siku hizo hizo yalikuwapo mambo mawili mengine. Siku tatu kabla ya kongamano kufunguliwa, mjini Geneva, mjumbe wa kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi alisema kuwa zimepatikana habari za kuaminika kwamba Wauyghuri na Waislamu wengine wapatao milioni moja wamewekwa makambini katika jimbo la Xinjiang. Ujumbe wa Uchina ukakana. Na katika mji mdogo wa Weizhou, mkoa wa Ningxia, Waislamu wa kabila la Hui walikuwa wamejaa uani mwa msikiti wao mkuu, kwa kuwa serikali ilikuwa imetoa amri ya kuubomoa, na sababu ni kwamba haukujengwa kwa kibali.

Mambo matatu haya aghalabu huandikwa mbali mbali: la falsafa kwenye kurasa za utamaduni, na hayo mawili kwenye kurasa za siasa. Mimi nayaweka mahali pamoja, kwani naona ni jambo moja. Na kila itajwapo Uchina mbele ya Waislamu hutolewa ule usemi wa kuifuata elimu hata huko, ambao wanavyuoni wa hadithi wamekwisha kuitia ila sanadi yake. Leo tuuache. Elimu ninayoitafuta ni ndogo, ni ya maneno. Mimi ni mtu wa mashairi, na mtu wa mashairi hulipima neno kabla ya kulitia kwenye kina.

Mazungumzo haya ya wanazuoni wa pande mbili yana umri wa miaka zaidi ya mia nne. Aliyeyafungua hasa ni padri Mtaliana wa chama cha Wajesuiti, Matteo Ricci, aliyefika Macau mwaka 1582. Alijifunza Kichina kwa bidii, na hapo mwanzo alivaa joho la watawa wa Kibuddha akidhani kwamba hao ndio wenye jaha. Mwaka 1595 akatambua kuwa wenye jaha ni wanazuoni wa mafundisho ya Confucius, akabadili mavazi akavaa hariri kama wao. Mwaka 1601 akapata ruhusa ya kukaa Beijing, na mwaka 1603 akatoa kitabu cha Kichina juu ya dini yake, nacho alikitunga kwa namna ya majibizano baina ya mwanazuoni wa Magharibi na mwanazuoni wa Uchina. Ni dhahiri kwamba anayetunga majibizano ndiye anayejua nani atashindwa, lakini ilikuwa adabu kumpa mwenzake nafasi ya kuuliza.

Swali lililomkabili Ricci lilikuwa hili: Mungu ataitwa nani? Kichina kilikuwa na neno Tian, yaani Mbingu, na neno Shangdi, yaani Mfalme wa Juu, ambalo limo katika vitabu vyao vya kale kabisa. Ricci alishikilia kuwa Wachina wa kale walimjua Muumba, na Shangdi ndiye huyo. Waliofuata nyuma ndio waliopotea njia. Pamoja na hayo akatumia neno Tianzhu, Mola wa Mbingu, ambalo Wakatoliki wa Uchina walitumia hata leo. Alipofariki mwaka 1610 wenziwe wakagawanyika. Aliyeshika mahali pake, Nicolò Longobardo, hakuyataka maneno hayo ya kale. Wakaja mapadri wa vyama vingine, Wadominika na Wafransisko, wakaleta swali la pili: je, Mchina aliyebatizwa aweza kuinama na kufukiza ubani mbele ya kibao chenye jina la babake marehemu? Wajesuiti wakasema hiyo ni heshima ya mtoto kwa mzazi. Wale wakasema ni ibada.

Mwaka 1693 askofu mmoja Mfaransa, Charles Maigrot, alipiga marufuku katika eneo lake la Fujian kutumia Tian na Shangdi kwa maana ya Mungu. Habari zikamfikia mfalme Kangxi, naye alikuwa mtu wa elimu aliyekuwa radhi na Wajesuiti kwa hisabati yao na falaki yao. Mwaka 1706 akamwita Maigrot mbele yake, akamwonyesha maandishi yaliyokuwa nyuma ya kiti chake cha enzi, akamtaka ayasome. Hakuweza kuyasoma yote. Basi mfalme akastaajabu: mtu huyu amefika kuwahukumia Wachina maana ya maneno yao, na maneno yenyewe kuyasoma hawezi! Maigrot akafukuzwa nchini.

Lakini kumbe Rumi ilikuwa imekwisha kukata shauri. Mwezi wa Novemba mwaka 1704 ilitoka hukumu ya kuyakataa maneno hayo na kuzikataza ibada za wazee, na mwaka 1715 Papa Clement wa kumi na moja akaitilia nguvu kwa amri kali. Kangxi alipoisoma mwaka 1721 alisema kuwa watu hawa hawana haja ya kuhubiri tena nchini mwake, na mwaka 1724 mwanawe, Yongzheng, akaupiga marufuku Ukristo. Papa Benedict wa kumi na nne naye akafunga mjadala mwaka 1742, hata akawaapisha mapadri wote waendao Uchina kwamba hawatalizungumza jambo hilo tena. Rumi haikulegeza mpaka mwaka 1939. Toka 1704 hadi hapo ni miaka 235.

Wala asidhani mtu kuwa huko Ulaya kwenyewe mazungumzo yalikuwa ya raha. Leibniz, mwanafalsafa wa Kijerumani ambaye hakufika Uchina wala hakukijua Kichina, aliandika mwaka 1697 kwamba Ulaya yafaa iletewe walimu kutoka Uchina waifundishe namna ya kuishi kwa wema, kama vile Ulaya inavyopeleka wake kufundisha dini. Aliandika hayo akaachwa. Aliyemfuata, Christian Wolff, hakuachwa. Mwaka 1721 alitoa hotuba katika chuo kikuu cha Halle akasema kuwa Wachina wamefikia maadili mema kwa akili zao bila ya kuteremshiwa wahyi wa Kikristo. Wanachuoni wa dini wakamshitaki, na mwaka 1723 mfalme wa Prussia akamtaka aondoke nchini katika muda wa saa 48, la sivyo atanyongwa. Kwa hotuba tu!

Baada ya hapo swali likageuka. Wazungu waliacha kuuliza kama Wachina wanamjua Mungu, wakauliza kama wana falsafa. Hegel alimsoma Confucius akamwona ni mtu wa mawaidha tu. Hata mwaka 2001 Mfaransa Jacques Derrida, akizungumza Shanghai na mwanachuoni Wang Yuanhua, alisema kuwa Uchina haina falsafa, ina fikra. Yeye alikusudia kusifu, kwani falsafa kwake ni jambo la Wayunani lenye maradhi yake. Wachina wengi hawakuisikia kuwa ni sifa, na katika miaka hiyo vyuo vyao vikawa na mjadala mkubwa: je, kile tunachokifundisha kwa jina la falsafa ya Kichina kina haki ya jina hilo?

Hapa nataka msomaji asimame nami kidogo. Neno wanalotumia Wachina kwa falsafa ni zhexue. Si neno la Confucius. Lilibuniwa na Mjapani, Nishi Amane, na lilijulikana kwa kitabu chake cha mwaka 1874, ili kufasiri neno la Kizungu. Neno lao la dini, zongjiao, nalo lilipewa maana yake ya sasa huko huko Japani katika karne hiyo, kabla ya hapo likitumiwa na Wabuddha kwa maana nyingine. Maana yake ni kuwa Mchina wa leo anapoulizwa, "Je, mafundisho ya Confucius ni dini au ni falsafa?" anapewa vikapu viwili vilivyosukwa na mtu mwingine, akatakiwa atie shehena yake yote katika kimoja. Wenyewe hawajawafikiana. Mwanachuoni Ren Jiyu, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya serikali ya kuchunguza dini za ulimwengu, alianza mwaka 1978 kushikilia kuwa ni dini, na hakuyasema hayo kwa kuyapenda. Serikali inazikubali dini tano, nazo ni Ubuddha, Utao, Uislamu, Ukatoliki na Uprotestanti, na Confucius hayumo.

Sisi pia falsafa ni neno tulilopewa. Mwarabu alilipokea kwa Myunani na sisi tukalipokea kwa Mwarabu. Tofauti ni kuwa hakuna aliyetusimamisha mlangoni akatuuliza kama tuna haki nalo.

Sasa turudi mwaka 1704, lakini tutoke Rumi twende Nanjing. Mwaka ule ule ambao makadinali walikuwa wakiamua ni neno gani la Kichina linalofaa kwa Mungu, mwanachuoni wa Kiislamu aitwaye Liu Zhi alitoa kitabu kiitwacho Tianfang Xingli. Tianfang ndilo jina walilokuwa wakiiita Bara Arabu na upande wa Makka. Xingli, yaani tabia ya asili na kanuni, ni istilahi ya wafuasi wa Confucius wa zama za Song na baada yake. Jina la kitabu peke yake lilikuwa ni mkutano.

Liu Zhi mwenyewe ameeleza alivyosoma. Alianza na vitabu vya Confucius na tarikhi kwa miaka minane, kisha vitabu vya Kiislamu miaka sita, vya Kibuddha miaka mitatu, vya Kitao mwaka mmoja, na halafu vitabu vya Wazungu 137. Hivyo vya mwisho ndivyo vile vilivyotungwa na kufasiriwa na kina Ricci na wenziwe. Wajesuiti na wanazuoni wa Kichina walizungumza kwa miaka mia moja, na Mwislamu amekaa pembeni anawasoma wote wawili, na hao wawili hawana habari naye.

Vitabu alivyovitegemea kwa upande wetu si vigeni kwa mtu aliyekaa darasani: tafsiri ya Baydawi, Mawaqif ya Iji, na vya masufi wa Kiajemi, Mirsad ya Najm al-Din Razi, Maqsad ya Nasafi, na Lawaih ya Jami ambacho alikigeuza chote Kichina. Kabla yake alikuwapo Wang Daiyu, ambaye mwaka 1642 alitoa kitabu kikubwa cha kwanza cha Kiislamu kwa lugha hiyo. Na swali la jina la Mungu, lililowararua Wakristo kwa karne mbili na zaidi, hawa walilimaliza vipi? Walisema Zhenzhu, Mola wa Kweli, na Zhenyi, Mmoja wa Kweli. Msomaji ataona mara moja kuwa hapo pana Al-Haqq na Al-Ahad, tena kwa maneno ambayo Mchina asiyejua alifu na bee anayaelewa. Waliikubali istilahi ya li, kanuni inayouendesha ulimwengu, wakasema ni kweli ipo, lakini iko chini ya Mola wa Kweli wala haijiumbi. Tauhidi haikupungua hata chembe.

Kubwa kuliko hilo ni namna walivyomtaja Mtume wetu (S.A.W.). Liu Zhi katika sira yake, aliyoimaliza mwaka 1724, alimwita Zhisheng, Mwenye Hikima wa Upeo. Lakabu hiyo Wachina walikuwa wakimpa Confucius. Hakuwataka wamtukane mwalimu wao ndipo wamsikilize wake. Aliichukua heshima iliyo juu kabisa katika lugha yao akaiweka anapoamini kuwa inastahiki. Na katika kitabu chake cha mwaka 1710 juu ya sheria na desturi, nguzo tano za Uislamu amezipanga pamoja na uhusiano wa watu watano ambao Confucius aliufundisha: wa mtawala na raia, mzazi na mwana, mume na mke, ndugu na ndugu, rafiki na rafiki. Kitabu hicho kilitajwa katika orodha kuu ya vitabu iliyoamriwa na mfalme Qianlong.

Mimi, kama Mswahili, sikulistaajabia sana jambo hilo, kwani wazee wetu walifanya vivyo hivyo wala hawakuandika risala ya kujitetea. Neno Mungu halikuja na majahazi. Ni neno la bara na pwani ya Afrika, walilolikuta au kulirithi, wakalitia katika tenzi pamoja na Mola, Rabbi, Jalali, na hakuna kadhi aliyewatia mashakani. Rasuli tukamwita Mtume, kwa kitenzi chetu cha kutuma. Janna tukaiita Pepo. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alipotoa tafsiri yake ya Qurani mwaka 1969 aliandika Mwenyezi Mungu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mapadri nao walilichukua neno hilo hilo, na Godfrey Dale wa misheni ya Unguja alilitumia alipoifasiri Qurani mwaka 1923 kwa makusudio yake. Neno ni letu sote, na kila mmoja amelijaza imani yake.

Kwa hivyo nawaona Wang Daiyu na Liu Zhi kuwa ni jamaa. Na mwenzao wa karne iliyopita, Ma Jian, ni jamaa wa karibu zaidi. Huyu alitoka Yunnan akaenda Azhar mwaka 1931, na alipokuwa Misri akayafasiri mazungumzo ya Confucius kwa Kiarabu, yakachapwa Cairo mwaka 1935. Akarudi kwao akawa mwalimu wa Kiarabu katika Chuo Kikuu cha Peking, akaifasiri Qurani kwa Kichina. Alifariki mwaka 1978 kabla ya kuiona yote ikitoka kwa ukamilifu mwaka 1981, na tangu hapo imechapwa hata Madina. Mtu mmoja amevusha vitabu viwili, kila kimoja upande wake, bila ya kuhitaji mkalimani wa London wala wa Paris.

Vyuo vya Magharibi vilichelewa kumwona Liu Zhi. Waliomtoa gizani kwa Kiingereza hasa ni Bibi Sachiko Murata, Mjapani anayefundisha New York, na mumewe Mmarekani, William Chittick. Kitabu chao cha mwaka 2000 kilimleta Wang Daiyu na tarjuma ya Jami, na cha mwaka 2009, kilichotolewa na Harvard, kilimleta Tianfang Xingli yenyewe. Cha 2009 walikiandika pamoja na Tu Weiming, mzaliwa wa Kunming aliyefundisha Harvard kwa miaka mingi kisha akarudi Beijing mwaka 2010. Katika kikao hicho walikuwapo Mchina, Mmarekani na Mjapani, na mwalimu wao alikuwa Mwislamu aliyekufa zamani huko Nanjing. Ikiwa yapo mazungumzo ya kielimu ninayoyasifu bila ya kusita, ni hayo.

Hayo yalikuja wakati wake. Mwaka 1993 Mmarekani Samuel Huntington alikuwa amewatisha wenziwe kwa muungano wa Uislamu na Confucius dhidi ya Magharibi. Chuo Kikuu cha Malaya kilimjibu mwaka 1995 kwa kufanya mkutano Kuala Lumpur juu ya dini hizo mbili, na Tu Weiming alikuwa mmoja wa waliohudhuria. Yaani aliyetishia watu kwa mazungumzo ndiye aliyeyachochea.

Ikiwa basi Waislamu wa Uchina wana hazina hiyo, iko wapi shida ya leo? Shida ni kuwa hazina imepata mlinzi asiyeitwa. Kuanzia mwaka 2015 Rais Xi Jinping amehimiza kuwa dini zote zifuate kile kiitwacho zhongguohua, yaani zifanywe za Kichina, na mwaka 2018 idara ya serikali ya dini ikatiwa chini ya chama moja kwa moja. Wanaoutetea mpango huo hulitaja jina la Liu Zhi kila mara. Husema, mnalalamikia nini, na wazee wenu walikwisha kuufasiri Uislamu kwa Confucius tangu zama za wafalme?

Hoja hiyo ina sura ya haki, na ndiyo maana inadanganya. Liu Zhi alichagua maneno yake baada ya kusoma kwa miaka kumi na minane na vitabu 137 juu yake. Hakuletewa orodha. Angeliletewa, angelikuwa katika hali ya wale mapadri walioapishwa mwaka 1742 wasizungumze. Papa Clement aliwaamuru Wachina waseme nini wanapomtaja Mungu, na chama cha Beijing chaamuru leo kwa upande wa pili, na mimi sioni tofauti kubwa baina ya waraka wa Rumi na waraka wa Beijing ila kwamba huu wa pili una polisi.

Chukua mfano wa kuba. Msikiti mkuu wa Xi'an hauna kuba; una mapaa ya vigae na bustani, mtu angeudhani ni hekalu, nao ni msikiti wa kale wenye heshima. Misikiti mingi ya kale ya Lamu haikuwa na kuba wala mnara mrefu, na watu waliswali. Kwa hiyo kuba si nguzo ya sita ya Uislamu. Lakini watu wa Weizhou waliutaka msikiti wao walioujenga kwa michango yao ubaki ulivyo. Haukubomolewa wote kama ilivyoamriwa, ila kuba zake baadaye ziliondolewa. Shadian, huko Yunnan alikotoka Ma Jian, msikiti mkubwa ulivuliwa kuba zake na kufikia mwaka 2024 ulikuwa umepewa mapaa ya Kichina. Fundi ni yule yule, paa laweza kuwa zuri, na aliyeswali ndani yake hakuulizwa.

Najua msomaji mmoja atasema, "Ustadh, habari hizi si huletwa na Wazungu wale wale, ambao damu ya Waislamu wa mahali pengine haiwasumbui?" Ni swali la haki na sitalipuuza. Upo unafiki, na mwenye macho ameuona. Na Uchina nayo ina maelezo yake: inasema yalikuwa ni makambi ya kufundisha ufundi, na yamefungwa tangu mwaka 2019, inakumbusha pia watu 31 waliouawa kwa visu katika stesheni ya Kunming mwaka 2014, na mauaji yale yalikuwa ya kinyama. Lakini tarehe 31 Agosti 2022 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti iliyosema kuwa yaliyotendeka Xinjiang huenda yakawa ni jinai dhidi ya ubinadamu. Mwezi wa Oktoba lilipoletwa shauri la kuijadili tu ripoti hiyo katika Baraza la Haki za Binadamu, nchi 19 zilikataa, 17 zikakubali, na 11 zikanyamaza. Miongoni mwa zilizokataa ni Pakistan, Indonesia, Qatar, Senegal na Sudan. Kutoka Afrika nzima iliyokubali ni moja, jirani yetu Somalia. Na Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu ilikuwa imekwisha kuisifu Uchina mwaka 2019 kwa inavyowatunza raia wake Waislamu. Ikiwa Wazungu wanalisema jambo hili kwa hila, je, sisi tunalinyamazia kwa ikhlasi?

Sisemi tuwakimbie Wachina. Reli ya Mombasa wameijenga wao, na taasisi ya Confucius ya kwanza barani Afrika imo katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu mwaka 2005. Vijana wetu wanajifunza Kichina, na ni vyema. Kijana atakayekijua sawasawa aweza kumsoma Liu Zhi kwa lugha yake asingoje tarjuma ya Kiingereza, akawauliza wenyeji wake maswali ambayo mgeni wa Kizungu hawezi kuyauliza.

Kuna mtu ambaye angeliweza kumjibu. Rahile Dawut ni mwanachuoni wa Kiuyghuri, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Xinjiang huko Urumqi. Elimu yake ni ya ziara za mawalii, ambazo kwao huitwa mazar, pamoja na nyimbo, hadithi na mikusanyiko ya watu wanaozuru, kama Lamu inavyozuriwa wakati wa Maulidi. Kazi yake ilichapwa na mashirika ya serikali hiyo hiyo, na wataalamu wa Uingereza na Marekani walikwenda kwake kujifunza. Yeye mwenyewe alikuwa ni mazungumzo ya Uchina na Magharibi juu ya dini. Desemba mwaka 2017 alifunga safari ya kwenda Beijing, na tangu hapo hakuonekana. Kongamano la kujifunza kuwa mtu lilipofunguliwa Agosti iliyofuata, alikuwa na miezi minane kizuizini. Mwaka 2023 ndipo ilipojulikana kuwa amehukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la kuhatarisha usalama wa dola. Kabla yake, mwaka 2014, Ilham Tohti, mwalimu wa chuo kikuu cha makabila cha Beijing aliyeandika kutaka Wauyghuri na Wachina wa Han wasikilizane, alipata hukumu hiyo hiyo.

Kongamano lililofuata lilifanyika Rumi, tarehe 1 hadi 8 Agosti 2024, na kichwa chake kilikuwa falsafa kuvuka mipaka. Vatican na Beijing nazo zina mapatano yao juu ya uteuzi wa maaskofu, yaliyotiwa saini mwaka 2018 na kuongezwa tena Oktoba 2024 kwa miaka minne. Maandishi yake hayajachapishwa.

Karibu na Hotan, kwenye mchanga wa jangwa, palikuwa na ziara ya Imam Asim, ambapo kila mwaka watu walikusanyika kwa maelfu, wakafunga vitambaa vya nadhiri na kusoma. Rahile Dawut ni miongoni mwa walioyaandika yaliyokuwa yakifanywa hapo. Picha za kutoka angani zilizotolewa mwaka 2019 zinaonyesha kuwa msikiti wake na nyumba za wageni zimeondolewa. Atakaye kujua kisomo kilikuwaje, na nani alikaa wapi, hana budi kutafuta kurasa za bibi huyo.